Skb hii ni ya nani sasa? Kurekebisha makosa ya kumbukumbu katika viendeshi vya mtandao

Kasoro niliyoishughulikia mwezi uliopita haikuwahi kuiangusha mashine hata mara moja, na nadhani hiyo ndiyo sababu iliweza kukaa kwa miaka bila mtu kuisumbukia ndani ya kiendeshi, yaani ile programu inayoiongoza kadi ya mtandao. Seva iliyokuwa na kadi ile ya mtandao ilifanya kazi vizuri siku ya kwanza na ya pili. Kufikia siku ya nne kumbukumbu huru ilikuwa imepungua bila programu yoyote kuonekana kuitumia, kisha miunganisho ikaanza kuganda mmojammoja hadi mtandao wote ukazimika. Ikiwashwa upya inapona. Waliokuwa wakiitunza walikwisha kuzoea kuiwasha upya kila mwisho wa wiki, na jambo likishazoeleka hakuna anayeliita hitilafu tena.

Nilipoletewa malalamiko nilianzia kwenye faili la /proc/slabinfo, ambalo kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, hulitumia kuorodhesha akiba zake za vitu vidogovidogo vya kumbukumbu na idadi ya vilivyoko mikononi mwa watu. Mistari miwili ndiyo inayomhusu mtu wa mtandao: skbuff_head_cache na skbuff_fclone_cache. Humo ndimo zinamotoka sk_buff, yaani kile kibebeo ambacho kila pakiti husafiria ndani ya kerneli, na ambacho sisi sote huita skb kwa kufupisha. Kwenye mashine yenye afya idadi hizo hupanda na kushuka kadiri msongamano unavyobadilika. Kwenye mashine hii idadi ya mstari wa pili, unaotumiwa na TCP (itifaki inayobeba miunganisho mingi ya mtandao), ilikuwa ikipanda tu, na hata usiku, pakiti zilipokuwa chache kabisa, haikurudi chini.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika kiendeshi cha mtandao daftari halipo, au tuseme lipo kichwani mwa mwandishi wa msimbo. Lugha ya C haimwekei mtu kumbukumbu yoyote ya nani anamiliki nini; kielekezi cha skb, yaani anwani ya mahali ilipo kwenye kumbukumbu, kikipitishwa kutoka fanksheni moja hadi nyingine, hakuna alama inayoonyesha kama kimeazimwa au kimekabidhiwa moja kwa moja. Kwa hiyo kazi ya kusaka makosa haya, kwa uzoefu wangu, si kazi ya kuhesabu mahali pa kuomba kumbukumbu na mahali pa kuirudisha, ingawa ndivyo wengi wanavyoanza. Ni kuusoma msimbo mstari kwa mstari na kujiuliza kila mara: amana hii iko kwa nani sasa hivi?

Upande wa kutuma, kanuni yenyewe ni fupi. Kerneli huita fanksheni ya kiendeshi iitwayo ndo_start_xmit na kuikabidhi skb. Kiendeshi kikijibu NETDEV_TX_OK, kimeipokea amana na ni juu yake kuirudisha, ama pakiti imekwenda ama haikwenda. Kikijibu NETDEV_TX_BUSY, hakijapokea kitu. Skb ni ya kerneli bado na kiendeshi hakiruhusiwi kuigusa, kwa maana itajaribiwa tena baadaye. Jina la hilo jibu la kwanza limepotosha watu wengi sana, kwa kuwa msomaji mgeni hudhani OK ni taarifa ya mafanikio. Ni risiti tu. Inasema nimepokea, na haisemi lolote kuhusu kilichotokea baadaye.

Sasa hii ndiyo mistari niliyoikuta:

    if (dma_mapping_error(dev, addr))
            return NETDEV_TX_OK;

Kabla kadi haijasoma data moja kwa moja kutoka kwenye kumbukumbu kuu, kwa njia ya DMA, kiendeshi lazima kiiandikishe sehemu hiyo ya kumbukumbu ili kipate anwani ambayo kadi inaielewa. Uandikishaji unaweza kushindwa. Hapa mwandishi alikuwa makini kiasi cha kukagua kama umeshindwa, jambo ambalo viendeshi vingi vya zamani havikulifanya kabisa, kisha akatoa risiti na kuondoka na skb ikiwa imebaki bila mwenyewe. Pakiti kubwa, isitoshe, haikai mahali pamoja: ina kichwa na vipande kadhaa, na kila kipande huandikishwa peke yake. Kipande cha tatu kikigoma, kichwa na vipande viwili vya kwanza vimekwisha kuandikishwa, na kiendeshi hiki hakikufuta uandikishaji wa hata kimoja.

Kilichonichukua siku mbili ni kuelewa kwa nini uandikishaji ulikuwa ukishindwa hata kidogo, maana kwenye mashine yangu ya majaribio haukushindwa kamwe. Jibu lilikuwa kwenye kadi yenyewe: ilikuwa na uwezo wa kutumia anwani za biti 32 tu, hivyo haikuweza kuifikia kumbukumbu iliyo juu ya gigabaiti 4. Seva ilikuwa na kumbukumbu nyingi kuliko hapo na haikuwa na IOMMU iliyowashwa, yaani kifaa kinachotafsiri na kudhibiti anwani ambazo kadi hutumia. Katika hali hiyo kerneli hutumia swiotlb, ambayo ni hifadhi ya bafa za kati, yaani sehemu za kumbukumbu za kuwekea data kwa muda, zilizoko katika anwani za chini: data hunakiliwa humo kwanza, kisha kadi huisoma kutoka humo. Kwa kawaida hifadhi hiyo ina megabaiti 64, na imegawanywa katika nafasi za kilobaiti 2, kwa hiyo jumla ni nafasi 32,768. Mashine yangu ilikuwa na gigabaiti 2 tu za kumbukumbu, kwa hiyo bafa zote zilikuwa chini tayari na hapakuwa na haja ya kunakili chochote.

Hapo ndipo picha nzima ilipokaa sawa. Msongamano mkubwa huijaza hifadhi kwa muda mfupi. Uandikishaji mmoja unashindwa. Skb moja inapotea, na nafasi za vipande vyake vilivyotangulia zinabaki zimeshikwa milele. Hifadhi sasa ni ndogo kidogo kuliko jana, kwa hiyo itajaa mapema zaidi kesho, na kila ikijaa inapoteza nafasi nyingine. Kasoro ilikuwa inajilisha yenyewe. Na kwa kuwa skb iliyopotea haifiki mahali ambapo soketi iliyoituma, yaani mlango wa programu kuingia mtandaoni, hurejeshewa kiwango chake cha kutuma, programu zilikuwa zikisubiri nafasi ambayo haitapatikana, na kutoka nje ilionekana tu kwamba miunganisho imeganda. Logi ilikuwa imesema tangu mwanzo kwamba hifadhi ya swiotlb imejaa. Tatizo ni kwamba ujumbe huo hutokea pia kwenye mashine zisizo na kasoro yoyote, na watu walikwisha kuuzoea kama walivyozoea kuwasha upya.

Ili kuiona kasoro mezani kwangu sikuhitaji kununua kumbukumbu. Niliiwasha kerneli kwa kigezo swiotlb=1024,force, ambacho huilazimisha kupitisha kila kitu kwenye bafa za kati na kuipa nafasi 1,024 tu, yaani megabaiti 2. Mtandao ukafa ndani ya dakika chache. Sijui kama kuna furaha inayofanana na ile ya kuona mashine yako ikiharibika kwa namna ileile hasa uliyosimuliwa.

Rekebisho lenyewe lilikuwa la kawaida: kurudi nyuma kwa mpangilio ulio kinyume, kufuta uandikishaji wa vipande kimoja baada ya kingine, kisha wa kichwa, kisha kuirudisha skb kwa dev_kfree_skb_any, kuongeza hesabu ya pakiti zilizotupwa, na mwisho kutoa risiti ileile ya NETDEV_TX_OK. Hapa wengine hushawishika kutoa NETDEV_TX_BUSY ili pakiti ijaribiwe tena. Nashauri wasifanye hivyo. Jibu hilo limekusudiwa hali ambayo foleni ya kadi imejaa na ilipaswa kuwa imesimamishwa. Ukilitumia kwa sababu ya upungufu wa kumbukumbu bila kuisimamisha foleni, kerneli itakurudia mara moja na mara moja tena, na utakuwa umebadilisha uvujaji kwa mzunguko unaokula kichakataji.

Nikaweka lebo ya drop mwishoni mwa fanksheni na kuelekeza njia zote za kushindwa huko kwa goto, yaani agizo la kuruka, kama desturi ya kerneli ilivyo. Na hapo nikakosea mimi mwenyewe. Juu kidogo palikuwa na mwito wa skb_put_padto, ambao huongeza sifuri kwenye pakiti fupi ili zifikie baiti 60, kiwango cha chini cha fremu ya Ethernet kabla ya baiti 4 za kukagulia makosa. Mwito huo unaweza kushindwa kwa kukosa kumbukumbu, na mwandishi wa kwanza alikuwa ameandika kwamba ukishindwa arudi tu na NETDEV_TX_OK. Nikaona ni kosa lilelile, nikaupeleka kwenye drop pamoja na nyingine. Sikusoma maelezo yaliyo juu ya fanksheni hiyo, ambayo yanasema wazi kwamba ikishindwa huirudisha skb yenyewe. Mwandishi niliyekuwa nikimsahihisha alikuwa sahihi pale, nami nilikuwa nimeingiza urejeshaji wa mara mbili, ambao ni hatari kuliko uvujaji: kumbukumbu iliyorudishwa huenda imekwisha kupewa mtu mwingine, na unaporudisha mara ya pili unarudisha mali yake.

Nitatoka nje ya njia kidogo, kwa kuwa kujaza sifuri huko kuna historia. Mwaka 2003 ilitangazwa kasoro iliyopewa namba CVE-2003-0001, katika orodha ya umma ya kasoro za usalama, na kujulikana kama Etherleak: viendeshi vingi vya Ethernet, katika mifumo endeshi mbalimbali, vilikuwa vikirefusha pakiti fupi kwa kuziachia baiti zozote zilizokuwemo kwenye bafa. Baiti hizo zilikuwa mabaki ya pakiti za zamani au vipande vya kumbukumbu ya kerneli, na mtu yeyote aliyekuwa kwenye mtandao uleule angeweza kuvikusanya kidogokidogo kwa kutuma ping fupi na kusoma mkia wa majibu. Hakuna kielekezi kilichopotea wala bafa iliyofurika. Kila amana ilirudishwa kwa mwenyewe, isipokuwa ilikuwa na barua za watu wengine ndani yake.

Kosa langu lilikamatwa na KASAN, chombo cha kunasa matumizi mabaya ya kumbukumbu kilichoingia katika Linux 4.0 mwaka 2015, pamoja na mfumo wa kerneli wa kushindisha maombi ya kumbukumbu kwa makusudi. Huu wa pili ndio ninaousisitiza kwa kila anayeanza. Njia za kushindwa hazipitwi katika kazi za kila siku, kwa hiyo msimbo wake unaweza kukaa miaka kumi bila kutekelezwa hata mara moja. Ukiwasha failslab, sehemu ya mfumo huo, na kuiambia ikatae sehemu ndogo ya maombi, unazilazimisha njia hizo zifanye kazi mbele ya macho yako. Nilipofanya hivyo, ripoti ya KASAN ilitoka ndani ya sekunde na ilikuwa na mifuatano mitatu ya fanksheni: aliyeigusa kumbukumbu, aliyeiomba, na aliyeirudisha. Mfuatano wa tatu ulikuwa na skb_put_padto ndani yake. Nilikaa nikiutazama kwa muda.

KASAN hulipiwa. Kwa kila baiti 8 za kumbukumbu huweka baiti 1 ya kivuli inayoeleza kama eneo hilo linaruhusiwa kuguswa, na kompaila huongeza ukaguzi kabla ya kila kusoma na kuandika, kwa hiyo mashine huwa nzito. Pale isipowezekana, njia ya kizamani ya sumu bado inafaa: ukiwasha slub_debug, kerneli hujaza kumbukumbu iliyorudishwa kwa thamani 0x6b, na ukiona katika ripoti ya ajali anwani iliyojaa 6b6b6b6b unajua papo hapo kwamba mtu amefuata kielekezi kilichotoka ndani ya maiti.

Lakini vyombo hivi vyote vina upofu mmoja ambao katika viendeshi vya mtandao ni mkubwa sana. KASAN hukagua maagizo yaliyopita kwenye kompaila. Kadi haikupita kwenye kompaila. Ukirudisha bafa ya kupokelea huku deskripta yake, yaani maelezo yanayoiambia kadi bafa iko wapi, ikiwa bado kwenye duara la foleni ya kadi, kadi itaandika pakiti inayofuata juu ya kumbukumbu ambayo sasa ni ya mtu mwingine, na KASAN haitaona kitu. Utaona faili limeharibika, au mchakato usiohusika umeanguka, na ndani ya uharibifu kuna kitu kinachofanana na kichwa cha Ethernet. Kwa hali hii nategemea IOMMU, iliyowekwa katika hali kali kwa iommu.strict=1, maana katika hali ya kawaida ya uvivu ufutaji wa uandikishaji unaweza kucheleweshwa na kadi ikabaki na ruhusa kwa muda baada ya kiendeshi kuamini kwamba imenyang'anywa. Pamoja nayo nawasha CONFIG_DMA_API_DEBUG, ambayo ni daftari la kweli: huandika kila uandikishaji, na hulalamika ukifutwa mara mbili, ukifutwa kwa ukubwa tofauti, au kiendeshi kisipokagua kama ulifaulu.

Anwani iliyopitwa na wakati inaweza kufanya madhara ya ajabu, na kisa ninachokirudia mara nyingi ni cha mwaka 2008, toleo la 2.6.27 lilipokuwa likiandaliwa. Watu waliojaribu kerneli hiyo walianza kukuta kadi zao za Intel zinazotumia kiendeshi cha e1000e zimeharibika kabisa: kumbukumbu ya kudumu ya kadi, inayohifadhi mipangilio yake, ilikuwa imevurugwa, na kuwasha upya hakukusaidia kitu. Kwa wiki kadhaa kiendeshi kilishukiwa. Mkosaji alikuwa ftrace, chombo cha kufuatilia fanksheni, kisicho na uhusiano wowote na mtandao. Kilikuwa kimeandika anwani za msimbo wa kuanzishia moduli (vipande vya kerneli vinavyoweza kuongezwa na kuondolewa), msimbo ambao hurudishwa baada ya kutumika mara moja. Anwani zilezile zikapewa baadaye kumbukumbu ya kudumu ya kadi. Ftrace ikarudi kuzirekebisha kwa agizo la cmpxchg, la kulinganisha na kubadilisha, ambalo huandika hata ulinganisho unaposhindwa, kwa kurudisha thamani iliyokuwepo. Kwenye kumbukumbu ya kawaida uandishi huo hauna athari. Kwenye kumbukumbu ya kadi ulikuwa amri. Kiendeshi chenyewe kiliongezewa kinga ya kuzuia uandishi, kwa kuwa aliyeonewa naye alikuwa ameuacha mlango wazi.

Upande wa kupokea una kosa lake la jadi, nalo ni kuiamini kadi inapotaja urefu wa pakiti. Kwenye vifaa vya USB hili ni baya zaidi, maana kifaa kinaweza kuwa kimetengenezwa na mtu mwenye nia mbaya. CVE-2022-2964 ni mfano mzuri: kiendeshi cha ax88179_178a kilisoma kutoka kwenye data ya kifaa mahali vichwa vya pakiti vilipo na idadi yake, bila kuhakikisha kwamba vimo ndani ya bafa, na kusoma kukatoka nje ya mipaka. Mimi hutafuta kwanza utoaji: popote panapotolewa baiti 4 za ukaguzi kutoka kwenye urefu, naangalia kama kuna mtu aliyehakikisha urefu si mdogo kuliko 4, kwa kuwa namba isiyo na alama ikishuka chini ya sifuri hugeuka kuwa kubwa mno.

Na kuna njia ya kuondoka, yaani fanksheni inayoitwa kadi inapochomolewa au moduli inapoondolewa. Eneo binafsi la kiendeshi huombwa pamoja na muundo wa net_device kwa alloc_etherdev, kwa hiyo free_netdev hurudisha vyote viwili kwa pigo moja. Nimekuta zaidi ya mara moja msimbo unaoita free_netdev kisha, mstari unaofuata, unatumia priv->base, iliyomo katika eneo hilo binafsi, kuachilia rejista za kadi. Mpangilio sahihi ni unregister_netdev kwanza, halafu kusimamisha kazi zilizoahirishwa na vipima muda kwa zile fanksheni zinazosubiri mpaka vimalizike kweli, halafu rejista, na free_netdev mwisho kabisa. Kazi iliyoahirishwa ndiyo yenye ujanja: inaweza kujipanga upya yenyewe baada ya wewe kuifuta, na ikaamka sekunde moja baadaye katika nyumba iliyokwisha kubomolewa.

Kiraka changu kilikwenda kwenye mti wa marekebisho ya mtandao kikiwa na mstari wa Fixes unaotaja tarakimu 12 za mwanzo za kitambulisho cha badiliko lililoingiza kasoro, ili watunzaji wa matoleo ya zamani wajue wakirudishe hadi wapi. Katika maelezo niliandika jinsi ya kuitokeza kasoro kwa swiotlb=1024,force, na niliuacha mwito wa skb_put_padto kama nilivyoukuta, isipokuwa nimeongeza maelezo ya mstari mmoja juu yake kwamba skb imekwisha kurudishwa. Seva sasa imemaliza wiki tatu bila kuwashwa upya na mstari wa skbuff_fclone_cache unapanda na kushuka. Katika kiendeshi hichohicho nimeona kipima muda kinachokagua hali ya waya, na sijaona kinaposimamishwa. Jioni hii nimeacha mashine ya majaribio ikiingiza na kuondoa moduli mfululizo, pakiti zikipita, KASAN ikiwa imewashwa.